Mkuyu wa Jumamosi Nne

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwanzo wa masika, nimekaa kwenye kigoda kando ya mto Lumemo, hadibodi ya kuchorea nimeiegemeza magotini, mimi nachomwa na jua huku milimani mvua inanyesha. Naikumbuka vizuri, mwanangu. Au nadhani naikumbuka vizuri. Utaniwia radhi nikisitasita, maana ninalotaka kukusimulia ni jambo la kumbukumbu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwetu ni Idete, wazazi wangu walilima mpunga na mahindi, lakini chuo cha ualimu nilisomea pwani, na nilipohitimu wakanileta kufundisha shule moja ya msingi hapa Ifakara, si mbali na mto. Darasani nilifundisha hesabu na Kiswahili. Moyoni nilikuwa mchoraji.

Huo uchoraji niliutoa chuoni. Mkufunzi wetu wa sanaa, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa akitutoa nje tuchore ufuko. Wengine tulizoea kuchora mtungi mezani, kitu kinachotulia. Ufuko hautulii. Unaanza kuchora maji yamejaa, mawingu meupe. Unainua kichwa, maji yamekupwa, mbingu imekuwa ya kijivu. Mwenzetu mmoja alichora picha ambayo upande wa kushoto mikoko ilikuwa imezama hadi matawini, na upande wa kulia kaa walikuwa wanatembea kwenye mchanga mkavu. Tulicheka mpaka machozi. Mkufunzi hakucheka. Alisema, "Chagua saa moja. Hali ya hewa ikibadilika, funga rangi zako urudi nyumbani. Kesho uje saa ileile, ukae palepale. Picha ni ya saa moja na mahali pamoja."

Nililiandika hilo kwenye daftari. Kuandika ni kitu kimoja na kusikia ni kingine, ndiyo maana wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sasa tazama mahali nilipokaa. Mto unashuka kutoka milimani kuelekea bondeni. Ukingoni kulikuwa na mkuyu mkubwa, na karibu na mkuyu, ndani ya maji, kulikuwa na jiwe pana ambalo akina mama walifulia nguo. Mkuyu ule ulikuwa mpaka. Upande wa milimani lilikuwa shamba la mpunga la Bibi Skola, mjane mzee aliyekuwa jirani yangu nilipopanga. Upande wa bondeni lilikuwa shamba la Mzee Kilian, baba wa watoto sita, mtu wa kazi, mkimya. Hakuna aliyewahi kugombana kuhusu mpaka. Mti ulikuwepo, nani angegombana?

Jumamosi ya kwanza nilichora mto na jiwe. Jua lilikuwa kali, maji yanang'aa. Jumamosi ya pili nilikuta ukungu. Nikachora milima kwa sababu ilipendeza ikiwa nusu imefichwa. Jumamosi ya tatu ilikuwa imenyesha usiku kucha na pale nilipokuwa nikikaa palikuwa matope matupu, kwa hiyo nikabeba kigoda nikapanda kwenye kichuguu kimoja hivi, hatua thelathini, labda arobaini. Hapo ndipo nilipochora mkuyu. Jumamosi ya nne mawingu yalikuwa meusi na mazuri kupita kiasi, nikayatia mbinguni, nikafunga kazi.

Mkufunzi wangu hakuwepo kuniona. Na picha ilitoka nzuri, mwanangu. Siwezi kukudanganya. Mwalimu Mkuu aliitundika ofisini kwake, watu wakawa wanapita kuitazama. Mzee Shomari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye ndiye aliyekuwa akiniuzia rangi, alikuja mwenyewe na kanzu yake akasimama mbele ya picha, halafu akasema, "Maashallah. Unaweza kusikia maji." Alikuwa mtu wa pwani ya kusini, ameishi Ifakara tangu ujana wake, na kusifu hakukuwa kazi yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa na watu wengi katika muda mfupi.

Wiki tatu baadaye mto ulikuja. Wewe umekulia hapa, unajua Lumemo unavyokuja: mjini hakuna hata tone, watu wanaanika mpunga, kumbe milimani imenyesha tangu jana, na ghafla unasikia mngurumo kama lori. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Lakini maji yalipopungua, mkuyu haukuwepo. Ukingo wote ulikuwa umekatwa, tope limetandazwa, na mto wenyewe umejitafutia njia mpya kidogo. Kilichobaki ni jiwe. Jiwe lile halikutikisika.

Lile tope lililoachwa lilikuwa jeusi na laini, tope ambalo mkulima akilishika anatabasamu. Na sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa pale karibu na jiwe. Ndipo swali lilipozaliwa.

Bibi Skola alisema mkuyu ulisimama upande wa bondeni wa jiwe. Maana yake, jiwe na eneo lake ni lake yeye. Mzee Kilian alisema hapana, mkuyu ulisimama upande wa milimani wa jiwe, kwa hiyo eneo hilo ni lake. Unaweza kufikiri mmoja alikuwa mwongo. Mimi niliwatazama wote wawili kwa karibu, na mpaka leo nasema kila mmoja alikuwa anasema alichokiamini. Walikuwa wameupita mti ule kila siku kwa miaka, na kitu unachokipita kila siku hukitazami. Majirani waliulizwa. Watatu walisema bondeni, wanne walisema milimani, mmoja alisema mkuyu na jiwe vilikuwa sawia kabisa, akaanza kuchekwa, akanyamaza.

Wazee wa mtaa waliitisha kikao siku ya Jumapili baada ya misa. Kikao kilikaa darasani kwangu, darasa la tano, wazee wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika vifuani. Walibishana mpaka jua likaanza kuingia kwa dirisha la magharibi. Kisha mzee mmoja akapiga dawati kwa kiganja.

"Jamani! Si kuna picha ya Mwalimu?"

Watu wote wakazungumza kwa pamoja. Kweli! Picha! Picha haina ujomba wala shangazi! Mwalimu Mkuu akaenda kufungua ofisi, akaileta, akaiegemeza kwenye ubao. Ilikuwa inapendeza hata pale, mwanangu, hiyo ndiyo aibu yangu, kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni kufurahi.

Na kwenye picha mkuyu ulikuwa upande wa milimani wa jiwe. Wazi. Hata mtoto angeona.

Mwenyekiti wa kikao, mzee mwenye mvi aliyenizidi umri mara tatu, akanigeukia. Akanisemesha kwa heshima ambayo mabinti wa umri wangu hawakuipata.

"Mwalimu, tusaidie. Hapa ulichora ulichokiona, au ulichora kilichokupendeza?"

Wakati huohuo kitu kilinijia kichwani. Kichuguu. Jumamosi ya tatu, matope, kigoda mkononi. Jiwe nililichora nikiwa chini, mti nikauchora nikiwa juu. Fanya hivi, mwanangu, utaelewa: simama mlangoni kwako utazame mti wowote na kona ya nyumba ya jirani. Sasa songa hatua thelathini. Mti umehamia upande wa pili wa kona. Mti haujaenda popote, ni wewe.

Lakini je, hatua zangu zile thelathini zilitosha kuuhamisha mkuyu? Sikujua. Nilijaribu kuona kichwani nilivyouona Jumamosi ya kwanza, na kila nilipojaribu niliona picha yangu. Ndiyo ilikuwa imesimama pale mbele, imefunika kila kitu.

Watu arobaini walikuwa wananitazama. Wote walikuwa wameisifu picha ile. Ningesema nini? Kwamba nilihamahama na kigoda kama kuku anayetafuta pa kutagia?

"Nilichora nilichokiona, Mwenyekiti," nikasema.

Niseme nilidanganya? Kila kilichokuwa kwenye picha nilikiona kwa macho yangu. Jiwe nililiona. Mti niliuona. Nimejitetea hivyo kwa miaka mingi, na utetezi huo haujawahi kunipa usingizi.

Kikao kikaamua. Mpaka ukawekwa upande wa milimani wa jiwe. Mzee Kilian alishukuru kwa kuinamisha kichwa tu; hakushangilia. Na Bibi Skola, ambaye nilitegemea atalia au atanilaani, alikuja mpaka mbele, akainama akaitazama picha kwa muda, pua karibu iguse rangi. Akajifunga upya kanga yake. Kisha akaniambia kwa upole:

"Macho yako ni mazuri kuliko yangu, Mwalimu. Basi nimesahau. Sikujua kama nimeanza kusahau."

Maneno hayo sikuyaelewa uzito wake siku ile. Niliyaelewa polepole.

Ni hivi. Bibi Skola hakujua kusoma, lakini ndiye aliyekuwa daftari la mtaa. Mtu akitaka kujua mama yake alizaliwa mafuriko yapi, anakwenda kwake. Vijana wakitaka kuoana, wazazi wanakwenda kumuuliza kama kuna undugu. Alijua nani alifika kutoka Mahenge na nani alikuja kufuata kazi ya miwa Kidatu akapitiliza huku. Alizungumza huku anapepeta mchele, bila kuinua kichwa, na hakuna aliyewahi kumkuta amekosea.

Baada ya kikao kile akaacha. Siku moja nilikuwa uani nafua, akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akamuuliza jambo la ukoo wa mume wake, jambo dogo tu. Bibi Skola akaweka ungo chini.

"Kamuulize mwingine, mwanangu. Mimi siku hizi nasahau. Hata mkuyu niliuhamisha."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja ugonjwa aliopimwa hospitali. Jioni yake nilimkuta amesimama mlangoni kwake, ameshika ufunguo, ananitazama.

"Mwalimu, mimi nimefunga au nimefungua?"

Pengine alikuwa anazeeka tu. Nimelifikiria hilo pia. Sitaki kujipa ukubwa wa kumzeesha mtu. Lakini kabla ya Jumapili ile sikuwahi kumsikia akiuliza swali la namna hiyo, na baada yake aliniuliza mara nyingi, mimi hasa, kwa kuwa mimi ndiye mwenye macho mazuri. Alinifanya shahidi wa maisha yake. "Mwalimu, jana nilikula kwako au nilikula kwangu?" Na mimi nikawa najibu. Bibi, ulikula kwako. Bibi, umefunga. Kila jibu lilikuwa linanichoma.

Nikaanza kwenda mtoni. Nilikwenda asubuhi, nikaenda jioni, nikaenda ikiwa na ukungu. Nilitaka kukaa pale nilipokaa Jumamosi ya kwanza nione mwenyewe jambo lilivyokuwa. Pale hapakuwepo, mafuriko yalikuwa yamepachukua pamoja na mkuyu. Kichuguu kilikuwepo. Nilipanda, nikatazama jiwe, nikapanga mti hewani, mara nikauona huku, mara kule. Siku ya jua nilikuwa na hakika ni upande wa milimani. Siku ya mawingu nilikuwa na hakika ni bondeni. Nilikuwa nachanganyikiwa kweli, mwanangu, sisemi kwa mapambo. Darasani niliandika jumla ubaoni, watoto wakanisahihisha.

Mwishowe nikaja na uamuzi ambao niliuona wa kishujaa. Nitakwenda kwa wazee niseme nilikosea: mkuyu ulikuwa bondeni, nimekumbuka sasa, mrudishieni Bibi Skola shamba lake. Kabla ya kwenda nilipita dukani kwa Mzee Shomari kununua rangi nyeupe, na sijui kwa nini, labda kwa sababu duka lilikuwa halina mteja, nikamwambia yote.

"Shikamoo, Mzee," nilianza hivyo, na nilipomaliza alikuwa bado ameshika kopo la rangi mkononi.

"Sasa mwanangu, mkuyu ulikuwa bondeni?"

"Ndiyo."

"Unajua?"

Nikatazama makopo kwenye rafu.

"Nakuuliza tena. Unajua, au unamwonea huruma Bi Skola?"

"Sijui, Mzee," nikasema, na machozi yakaanza. "Sijui. Nimejaribu. Sijui kabisa."

Alilirudisha kopo kwenye rafu. Sauti yake ilibadilika, na nilielewa kwa nini watoto wake walimwogopa.

"Basi unataka kwenda kusema uongo wa pili ili kuosha wa kwanza! Kilian ana watoto sita. Utamwendea naye baadaye ukamlilie? Mara ya kwanza ulimnyima Bi Skola haki yake, au hukumnyima, hujui. Sasa unataka kumnyima Kilian yake, au humnyimi, hujui vilevile. Sikiliza. Kwetu maji yanajaa na kupwa mara mbili kila siku. Mtu akikuuliza ufuko unaishia wapi, mwenye akili hujibu: saa ngapi? Na kama hajui saa, husema sijui. Hakuna anayemcheka. Wewe umesoma mpaka umeona haya kusema neno ambalo mvuvi asiyejua herufi analisema kila siku."

"Watanidharau, Mzee. Watasema mwalimu gani huyu."

"Watasema. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umeshajikwaa ulimi. Dawa yake haiko kwenye ulimi mtamu. Nenda ukawaambie hujui. Hilo tu. Usiongeze chumvi."

Hakuniuzia rangi siku ile. Alisema nirudi nikishamaliza.

Nilidhani kukiri uongo ndilo jambo gumu kuliko yote. Nakuambia, kukiri kutojua ni kugumu zaidi. Mtu akikiri uongo, watu hukasirika, lakini angalau wanapata jibu. Mimi niliwaendea wazee wale mikono mitupu. Wakakaa tena kwenye madawati, Jumapili nyingine. Nikawaeleza Jumamosi zangu nne, jua na ukungu na matope, kigoda na kichuguu. Nikachora ubaoni kwa chaki. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana.

"Kwa hiyo mkuyu ulikuwa bondeni?" Mwenyekiti akauliza.

"Sijui, Mwenyekiti."

"Milimani, basi."

"Sijui pia. Ninachojua ni kwamba picha ile haiwezi kuwa shahidi. Nilichora siku nne nikazifanya siku moja. Na mliponiuliza, nilijua kuna mashaka, nikayaficha."

Mzee Kilian akasimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo. "Mwalimu, sisi ni watu wa kuchezewa? Wiki ile unaona, wiki hii huoni! Hata kinyonga naye ana rangi yake!" Akatoka. Mlango wa darasa ukabaki unayumba.

Mzee mwingine akasema kwa huzuni kwamba picha ilikuwa nzuri sana, ni hasara. Mwingine akauliza kama milima nayo haipo pale ilipo. Watu wakacheka, na kicheko kile nilikistahili.

Walikaa siku ile na siku nyingine mbili. Mwishowe walifanya jambo ambalo wangelifanya tangu mwanzo kama picha yangu isingewazuia: walikwenda mtoni na wote wawili, Bibi Skola na Mzee Kilian, wakatembea juu ya tope, wakasikilizana. Kwa kuwa hakuna aliyejua, wakaligawa eneo katikati, mpaka ukipita palepale kwenye jiwe, wakapanda mkonge kuwa alama. Ilikuwa haki? Sijui. Kama mkuyu ulikuwa bondeni, Bibi alipoteza nusu ya haki yake. Kama ulikuwa milimani, Kilian ndiye aliyepoteza. Mmoja wao alidhulumiwa kidogo, na sitamjua ni nani mpaka siku ya kiama. Nilisubiri miaka mingi labda mto utafukua shina la mkuyu, kisiki, mzizi, chochote. Mto haujafukua kitu.

Mzee Kilian hakunijibu salamu kwa misimu mitatu ya mavuno. Nilimwamkia kila tulipokutana: "Shikamoo, Mzee Kilian." Alipita. Msimu wa nne, binti yake alipofaulu mtihani wa darasa la saba, alinijibu "Marahaba," bila kusimama. Nilirudi nyumbani nikapika wali kama siku ya sikukuu.

Na Bibi Skola. Nilikwenda kwake jioni ya kikao kile cha pili, nikapiga magoti kizingitini.

"Bibi, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Nilisema nimeona. Sikuwa na hakika."

Akafikiri. Alikuwa anachambua mboga za matembele na mikono yake haikusimama. "Kwa hiyo mimi sikusahau?"

Hapo, mwanangu, ndipo palipokuwa pagumu kuliko darasani. Neno moja tu, hukusahau, Bibi, na uso ule ungefunguka. Lilikuwa mdomoni kabisa.

"Sijui, Bibi," nikasema. "Labda ulisahau, labda hukusahau. Lakini mimi sikuwa na haki ya kukufanya uamini macho yangu ukaacha yako."

Mikono ikasimama. Alinitazama, nami sikujua kama ataniinua au atanifukuza. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya zamani ambayo nilikuwa sijaisikia tangu masika:

"Mkuyu ulikuwa upande wa bondeni wa jiwe. Nilijifungua mtoto wangu wa tatu chini yake, uchungu ulinishika nikifua, nikatoka kwenye jiwe nikatembea kuelekea bondeni, jua likiwa machoni kwangu, nikaushika ule mti. Ndivyo ninavyojua mimi. Wewe jua lako."

"Ndiyo, Bibi."

"Inuka basi. Unanizibia mwanga."

Hakurudi kuwa kama zamani moja kwa moja. Siku nyingine alikataa kuulizwa, siku nyingine alikubali. Lakini mwaka ule kabla ya Krismasi nilimsikia uani akimwambia kijana mmoja, bila kuinua kichwa kwenye ungo, "Huyo huwezi kumuoa, bibi zenu ni ndugu, kamwambie baba yako mimi ndiye niliyesema." Nilisimama na ndoo yangu nikasikiliza mpaka mwisho. Alifariki miaka sita baadaye, na nasikia wapo waliokuja msibani kutoka mbali kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akijua wao ni akina nani.

Sasa nikusemeshe wewe, mwanangu unayenisoma, ambaye labda hujawahi kushika brashi na wala huna haja. Zama zenu kila mtu ana picha mfukoni na kila mtu ni shahidi. Jambo likitokea sokoni, kabla vumbi halijatulia kumi wameshasema nimeona. Sikukatazi kuona. Nakuomba ujiulize ulikuwa umesimama wapi ulipoona, hali ya hewa ya moyo wako ilikuwaje, na kama hukuhamahama katikati bila kujitambua. Ukiulizwa na hujui, sema sijui, useme mapema, kabla watu hawajapanda mkonge juu ya neno lako. Na ukishasema jambo bila hakika, usilifukie kwa jambo jingine lisilo na hakika, hata kama huruma ndiyo inayokusukuma. Huruma nayo inaweza kudanganya, tena kwa sauti tamu.

Usimwondolee mtu imani ya macho yake kwa sababu tu wewe umesoma, au una jina, au una kitu kizuri cha kuonyesha. Shamba likichukuliwa linaweza kurudishwa, japo nusu. Mtu akiacha kujiamini, utamrudishia nini?

Mimi bado sijui mkuyu ulikuwa wapi. Nimezeeka na swali hilo, nimelizoea kama mtu anavyozoea goti linalouma wakati wa baridi. Kuna siku naamka nikiwa na jibu, na kufikia mchana limenitoka.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona, akupe na ujasiri wa kusema pale macho yako yalipoishia. Akupe watu watakaokukemea kwa upendo ungali na nafasi ya kurekebisha. Na neno lako, pale utakapolitoa, limwangukie mwenzako kama mvua ya kiasi juu ya mpunga, limstawishe, lisimsombe.